Bata na Wageni wa Pole

Bata hakujua kukaa chini mgeni akiwa ndani. Aliporuhusiwa kutoka hospitali na mshono wa tumbo, daktari alimwambia alale tu. Majirani wakaja kumpa pole, na kila alipoingia mmoja, Bata aliinuka kumpikia chai.

"Mbona umeshapona," alisema Ngiri, akiomba kikombe kingine.

Mshono ukafumuka, Bata akarudishwa wodini.

Aliporuhusiwa tena, majirani wakaja. Safari hii hakuinuka.

"Jiko lile pale, jamani. Na mimi mnimiminie."

Ngiri akakumbuka ana shughuli. Wengine wakamfuata. Akabaki Nungunungu, asiyependa maneno, akawasha moto.

"Sukari kiasi gani?"

Bata akafikiri kwanza. Nyumbani kwake hakuwahi kuulizwa swali hilo.