Kadi Isiyo na Mfano

Neno la Kiingereza "run" lina herufi tatu tu, lakini kadi za maana zake zilijaza masanduku manne ya Zamda, mtunga kamusi. Ilibaki kadi moja, yenye mwandiko wa marehemu mumewe. Maana na asili aliziandika, ila mfano kutoka kwa msemaji haukuwepo. Kadi ya namna hiyo hutupwa.

"Tunga mfano, Bi Zamda," alisema Shomari, mpiga chapa aliyefuata masanduku. "Nani atajua?"

"Yeye angejua. Alinitupia kadi sabini, tena tukiwa fungate."

Shomari akacheka. Zamda akaishika kadi juu ya kapu la taka. Wino ulikuwa umepauka, isipokuwa nukta ya mwisho, ambayo mumewe alizoea kuikandamiza. Vidole havikuachia.