Hiki Hata Mimi Nakila

Salha alitua kinu chake mkabala na meza ya Bi Mwatime, akaanza kutwanga mchele.

Kwa miezi mitatu alikuwa amenunua vitumbua hapo kila asubuhi. Daktari alimwambia ngano inamharibia utumbo, asiionje hata kidogo, na Bi Mwatime akamwapia kwamba vyake ni mchele mtupu. Tumbo liliendelea kumkata, nywele zikamtoka, gauni likampwaya. Mpaka juzi alipowahi kufika, akamkuta anamimina unga wa ngano kwenye beseni la rojo.

"Kiganja kimoja tu, mwanangu, vipate kushikana," Bi Mwatime alisema akicheka. "Kitakuua?"

Salha alikwenda moja kwa moja kununua chuma cha vitumbua.

Rojo lake la leo lilikuwa limeshaumuka. Mchele huu ulikuwa wa kesho. Aliutwanga hapo ili watu waone. Alitwanga kwa nguvu, kila pigo likisikika hadi upande wa pili, mpaka wateja wakageuka.

"Bi Mwatime," aliuliza Mzee Shali, sahani mkononi, "mbona wewe hatujawahi kukuona ukitwanga?"

Bi Mwatime alivuta kanga, akafunika beseni.

Salha aliweka mchi chini, akakaanga kitumbua chake cha kwanza, akakiopoa, akakiweka kwenye kisahani, akavuka njia.

"Karibu, Bi Mwatime. Hiki hata mimi nakila."

Kitumbua kilifuka moshi kati yao, na mkono wa Bi Mwatime haukubanduka juu ya kanga.