Sumu Imetoka

Siku hizi sheria haina mchezo: mtafiti hampi mtu dawa ya majaribio kabla hajaimeza yeye mwenyewe, nyumbani kwa huyo mtu, jamaa wakishuhudia. Basi kila Ijumaa Daktari Lukiza hufika Chumbageni kwa Bi Mwanakheri, humeza kidonge, kisha huachama kinywa wajukuu wakague. Nao hupiga kelele, "Sumu imetoka!" Ndipo bibi naye humeza chake.

"Mama, nyoosha mikono niione," daktari husema.

Imetulia tuli! Mikono iliyokuwa ikitetemeka hadi chai ikamwagika, sasa inasukuma chapati, na daktari haruhusiwi kuondoka bila kula. Amekuwa mtoto wa nyumba.

Ijumaa hii alikula biriani, akatania, akameza kidonge chake. Wajukuu wakashangilia. Alipoinua kikombe, chai ikamwagikia kisahani, kisha ikamwagika tena. Watoto wakaangua kicheko, naye akacheka nao.

Bi Mwanakheri alikuwa ameshika kidonge chake, mkono umetulia kama jiwe. Akakirudisha mezani.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "leo nyoosha wewe mikono, mimi niione."