Mzee Aliyetaka Kufuta Rufaa

Ilikuwa simu ya arobaini na moja siku hiyo, na Lorna, mpokea simu wa ofisi ya posho za serikali, alikuwa ameshavua viatu chini ya meza. Mzee aliyepiga, wa hapo hapo mjini Grimsby, Uingereza, alitaka kufuta rufaa yake ya kudai posho ya ulemavu aliyonyimwa.

"Umepata kazi, baba?"

"Kazi gani na mgongo huu? Nifutie tu, binti yangu. Sitaki barua zenu zije zimsumbue dada yangu."

Kufuta ni kubonyeza mara moja, na kidole cha Lorna kilikuwa tayari juu ya kitufe. Hata hivyo aliuliza, "Uko na nani hapo?"

"Peke yangu. Mbwa nimempa jirani asubuhi. Mpole yule, watampenda."

Lorna aliondoa kidole. Alikuwa amechoka kiasi cha kutamani asingesikia.

"Baba, nikuulize waziwazi. Unafikiria kujiua?"

Msimamizi wake, aliyekaa meza ya jirani, aligeuka kumtazama. Kwenye simu zilisikika pumzi tu, zikikatikakatika kama za mtoto aliyelia mpaka akachoka.

"Miezi saba nawapigia," mzee alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Mimi nimekuuliza, na sikati simu." Aliandika anwani ya mzee kwenye karatasi, akamsukumia msimamizi aite gari la wagonjwa. "Kuna watu wanakuja kukuona. Nenda ukafungue mlango wa mbele, halafu urudi tuongee."

Kisha Lorna akasikia kiti kikiburutwa, nyayo nzito, na komeo la mlango likifunguliwa.