Kontena Lililojipigia Hodi

Kidole cha Tanzila kilisimama juu ya kitufe. Kwenye kioo cha kompyuta ilisubiri amri moja, aliyoiandika bosi mwenyewe: kuangusha ukuta wote wa ulinzi wa seva.

"Bonyeza, dada," bosi alisema huku akitafuna singara, sambusa ya viazi. "Wageni wa kuonyeshwa mfumo wanapanda ngazi. Kontena la programu haliioni hifadhidata tangu asubuhi, nawe unatukodolea macho tu. Au likizo ya uzazi imekusahaulisha kazi?"

Ofisi ikacheka.

Hifadhidata ile ilikuwa na majina ya kina mama elfu tisa waliojifungua katika kliniki za Dhaka, pamoja na maradhi yao. Jina la Tanzila lilikuwamo pia. Ukuta ukianguka, yeyote duniani angeyasoma.

Akapitia mipangilio mara ya tatu, ndipo akaona. Kontena, kisanduku kinachoendesha programu ndani ya seva, lilipewa anwani 127.0.0.1 ya kuitafutia hifadhidata, ambayo maana yake ni "mimi mwenyewe". Tangu asubuhi lilikuwa likijipigia hodi mlangoni pake, na hifadhidata iko nje yake, kwenye seva yenyewe.

Bangili zake za kioo ziligonga kibodi alipoifuta amri ya bosi, herufi kwa herufi. Akaandika anwani ya seva, kisha amri ya kufungua mlango mmoja tu, kwa kontena lile peke yake.

"Nimesema angusha ukuta!"

"Nimekusikia, kaka." Akasimama, akamsogezea kiti. "Keti uuangushe mwenyewe, kwa jina lako."

Viatu vya wageni vilishasikika ukumbini. Bosi alikitazama kiti, hakuketi.

Tanzila akainama, akaibonyeza amri yake mwenyewe.