Kola ya Mtendaji

Siku hizi kila mtendaji wa kata huvaa shingoni kola inayogeuza sauti yake kuwa moja nzito, sawa kwa wote, ili asihukumiwe kwa kuwa mwanamke au mwanamume. Marehemu mke wangu, Tusekile, aliivua katika kila mkutano na kuuliza kwa sauti yake: "Nani hajasema?" Kupitia kola, swali hilo liliwatisha watu wakanyamaza. Kwa kuivua, alifukuzwa kazi.

Leo binti yetu Kisa anaanza kazi hiyohiyo.

"Baba, kunywa uji," aliniambia kwa sauti ile nzito. Nikasimama wima.

Akacheka, akaifungua kola. "Umeona? Hata wewe!"

"Watakufukuza, mama."

"Wanifukuze, kila mtu akishasema."

Akatoka, kola mkononi. Uji umepoa. Nasubiri kusikia, akirudi, atabisha hodi kwa sauti ipi.