Almasi Isiyo na Doa

Paliondokea Tausi mmoja, mchaguzi kupindukia. Alikwenda na mchumba wake, Kanga, kwa sonara Nguchiro kununua pete ya almasi. Kila almasi aliikagua kwa lenzi, akaikataa.

"Ina doa!"

"Bibi, bila lenzi doa hilo halionekani. Imezaliwa nalo ardhini."

"Silitaki!"

Almasi zikaisha zote kabatini. Nguchiro, hoi, akang'oa kioo cha lenzi yenyewe, akakitia kwenye pete.

"Kioo hiki hakina doa."

"Almasi ndiyo hii sasa!" Tausi akaivaa, akainua kidole, na kupitia kioo kile akamwona Kanga.

"Mungu wangu! Mwili mzima madoa!"

"Nimezaliwa nayo," alisema Kanga.

Tausi akamgeukia sonara. "Huyu mrudishe kabatini, unitolee mwingine."